Siti Moja Hadi Biharamulo: Komedi ya Kurudi Nyumbani na Deni la Utani

Kanuni za komedi ya wasafiri wasiopatana anazijua hata asiyewahi kukaa darasa la uandishi. Watu wawili ambao kwa hiari yao wasingekunywa chai meza moja wanajikuta siti moja. Mmoja ana haraka na ratiba. Mwenzake ana mizigo na maneno. Wote wanakwenda nyumbani, na huko nyumbani kuna siku isiyomsubiri mtu: sikukuu, harusi, maziko. Chombo kinakufa njiani, pesa zinapotea, usiku unawakuta mahali ambapo hakuna aliyepanga kulala. Wanatukanana, wanaachana, barabara inawakutanisha tena. Wakikaribia kufika, siri ya mmoja inatoka, na kila tulichokuwa tukikicheka tunakiona upya.

Mfano unaotajwa sana ni Planes, Trains and Automobiles ya John Hughes, iliyotoka mwaka 1987. Neal Page, anayeigizwa na Steve Martin, ni mtu wa matangazo ya biashara anayetoka New York akitaka kuwahi chakula cha Sikukuu ya Shukrani kwa mkewe na watoto, Chicago. Del Griffith, anayeigizwa na John Candy, anauza pete za mapazia ya bafuni, anaburuta sanduku kubwa, na hajui kunyamaza. Theluji inafunga Chicago, ndege inatua Wichita, na safari ya saa chache inageuka kuwa ya siku kadhaa. Mwishoni Neal, akiwa peke yake kwenye treni, anaunganisha vipande vya maneno ya Del na kugundua kwamba mtu yule hana kwake: mkewe alifariki miaka 8 nyuma, na tangu hapo anaishi na sanduku lake tu. Anarudi kituoni, anamkuta palepale, anaingia naye nyumbani. Hughes hakuianzisha aina hii. Frank Capra alishawakutanisha binti wa tajiri na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi kwenye basi la kutoka Florida kwenda New York mwaka 1934, katika It Happened One Night, na filamu hiyo ikazoa tuzo 5 kubwa za Oscar.

Sasa zichukue kanuni hizo uzipeleke Bisibo. Ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Ngara, na kwa mtu wa huko anayetafuta riziki Dar es Salaam, kurudi nyumbani ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Anapanda basi kwenye kituo cha Mbezi Luis kilichofunguliwa Februari 2021, anapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, anaingia Nyakanazi, kisha Lusahunga, ambako njia zinaachana: moja inakwenda Nyakahura, Benaco, Ngara na mpaka wa Rusumo, nyingine inakwenda Biharamulo mjini na kuendelea Muleba na Bukoba. Ndani ya basi hilo wamo Msubi, Mhangaza, Mhaya, Msukuma, Mha na Mzinza, pengine na Mchaga anayefuata biashara ya mahindi. Kutolingana kupo tele, na mtunzi hahitaji kukubuni.

Kinachohitaji akili ni deni. Katika filamu ya Hughes, wasafiri wanaanza bila kudaiana chochote, na kazi yote ya hadithi ni kuwafanya wadaiane. Katika basi la Biharamulo deni lipo kabla dereva hajawasha gari. Ukishamwamkia jirani yako shikamoo, ukamwita mama, mjomba, mzee wangu au mtani, umeshajifunga. Kwa hiyo mvutano ambao Hughes anaujenga kati ya Wichita na Chicago, sisi tunaweza kuupata kabla ya Chalinze na ukatuishia mikononi. Hofu ya kweli ya msafiri wetu iko mbele, kwenye mapokezi. Naamini mtunzi yeyote wa Kitanzania anayeiga aina hii bila kulitambua hilo ataishia na nusu ya kwanza inayochekesha na nusu ya pili inayosinzia.

Tuanze na tusi, kwa sababu ndilo injini. Neal anamshambulia Del kwa maneno makali usiku wa kwanza, chumbani, na Del anaumia waziwazi. Hapo filamu inapata moyo wake. Tusi kati ya watu wasiojuana linajeruhi kwa sababu halina mahali pa kutua. Kwetu lipo tusi lenye makazi, nalo ni utani. Msukuma na Mzaramo, Mnyamwezi na Mgogo, Mchaga na Mpare: wanaweza kusemana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangefikishwa kwa mjumbe. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944, na watafiti waliofuata wameuhusisha sana na misafara ya wapagazi wa karne ya 19, Wanyamwezi wakiwa mbele, waliokuwa wakipita nchi za watu wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulaza mgonjwa. Yaani utani wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mtoto wa barabara. Ulizaliwa kwa ajili ya wasafiri wasiolingana.

Lakini utani una upande wa pili, ambao wachekeshaji wetu wengi wameusahau. Mtani anayekutukana leo ndiye atakayekuja msibani kwako kuchimba kaburi, kupika, kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe chochote, na kuwafanya wafiwa wacheke wakati hakuna mwingine anayethubutu. Haki ya kutukana imelipiwa na wajibu wa kuzika. Ukitazama vichekesho vingi vifupi vinavyosambaa kwenye simu leo, utamwona Mhaya wa kujisifu elimu, Msukuma mshamba, Mpare bahili. Tusi limebaki, jeneza limeachwa. Ndiyo maana vinachekesha dakika mbili na huwezi kuvirefusha vikawa hadithi. Hadithi ndefu inataka tusi la asubuhi ya Morogoro lilipwe jioni ya Nyakanazi.

Waliokuwa na kipaji walilijua hilo bila kufundishwa. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alipopangwa na Hussein Ramadhani, Sharo Milionea, walikuwa jozi kamili ya aina hii: mzee wa pwani mwenye vituko na ukaidi, kijana wa mjini mwenye miwani, mwendo wa kujivuta na Kiswahili cha madoido. Kilichozuia isiwe kelele tupu ni umri. Kijana hawezi kumvamia mzee kama Neal anavyomvamia Del. Kila shambulio lazima lipitie kwenye heshima. Aanze na shikamoo, asubiri marahaba, ndipo atoe dongo. Mzee naye anaweza kuichelewesha marahaba yake makusudi, kijana akabaki ameinama na hasira yake mdomoni. Mchekeshaji wa Marekani hana chombo hicho, nasi tunakitumia kidogo mno.

Tuhame kwenye usiku. Kila komedi ya aina hii ina chumba kimoja na kitanda kimoja. Capra alitundika blanketi katikati ya vitanda viwili ili maadili ya Marekani ya 1934 yasitikisike. Hughes aliwalaza wanaume wawili kitanda kimoja na kuwaamsha wamekumbatiana. Huku kwetu chumba hicho kilitungwa na serikali. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalipigwa marufuku kutembea usiku, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 2023. Basi la Kagera lililotoka Dar es Salaam alfajiri halikuweza kufika siku ileile. Lilikuwa likikamatwa na giza Kahama au maeneo ya jirani, na hapo abiria wakagawanyika kwa mfuko: mwenye nacho anakwenda gesti, asiye nacho anajifunika kanga juu ya siti, mwingine anatandika kanga ya mkewe chini ya buti karibu na mizigo yake ili isiibwe.

Itazame hali hiyo kwa jicho la mtunzi. Bwana mwenye ratiba, shati limenyooka, begi la magurudumu, anajiona ameshinda kwa sababu amepata chumba chenye feni. Mama wa siti ya pili, mwenye godoro lililokunjwa, ndoo ya plastiki iliyojaa vyombo na kuku aliyefungwa miguu kwenye kikapu, amelala ndani ya basi. Konda alisema tunaondoka saa kumi na moja. Saa kumi na moja kasoro dereva anapasha injini joto, utingo anahesabu vichwa kwa tochi ya simu, na siti ya bwana iko tupu. Nani anajua amelala gesti ipi? Mama anajua, kwa sababu jana usiku alimuuliza maswali mengi mpaka akakerwa. Maswali yaliyomkera jana ndiyo yanayompandisha basi leo. Katika jambo hilo dogo zimo kanuni tatu za Hughes kwa mkupuo, na hakuna theluji hata tone.

Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku na mchana, kituo hicho kimeondoka, na sidhani kama watunzi wamekwisha kutambua walichopoteza. Kilichobaki ni kuchimba dawa: basi linasimama porini dakika chache, wanaume upande huu, wanawake upande ule, mheshimiwa na mpiga debe wakitafuta kichaka kwa usawa kamili. Na chakula cha njiani cha dakika kumi ambazo ni za konda, siyo za saa yako.

Kizuizi nacho kina historia ndefu katika nchi hii. Oktoba 1861 John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha Nile, waliingia nchi ambayo Speke aliiandika Usui, ndiyo Busubi, upande huu wa Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, ambaye Speke anamwita Suwarora, hakujitokeza. Maafisa wake ndio waliokuwa wakija, leo kudai hongo hii, kesho ile, na msafara ukakwama wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa kwenda kwa Rumanika wa Karagwe. Ukikisoma kitabu cha Speke kama hadithi ya safari, kinafuata mkondo unaoufahamu: mtu mwenye ratiba, mlinda njia asiyeonekana, bei inayopanda kila asubuhi. Anayesimama mizani na Coaster yake siku hizi atamwelewa Speke zaidi kuliko angependa.

Ndani ya msafara huo kulikuwa na jozi nyingine, Sidi Mubarak Bombay na Baraka, viongozi wawili wa watu wa Zanzibar waliokuwa wakigombana kiasi kwamba ugomvi wao unarudi tena na tena katika kurasa za Speke. Tunauona wote kwa macho ya mtu anayekereka, kama tunavyomwona Del kwa macho ya Neal. Na hapa kuna jambo ambalo Speke alilijua ila hakulitumia. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa mpaka India. Alirudi Afrika akiwa mtu huru, lakini kijiji alichotekwa hakikuwapo tena kama kwao. Safari ile ilipoishia Cairo mwaka 1863, yeye na wenzake walirudishwa Zanzibar kwa njia ya bahari kupitia Suez. Katika msafara mzima wa watu wanaohesabu siku za kurudi, mcheshi wao ndiye aliyekuwa hana pa kurudi. Siri ya Del Griffith ilikuwa imekaa hapo miaka 126 kabla ya Hughes, na msimulizi akaipita.

Ni nani basi anayepaswa kusimulia? Hadithi za Wahaya, majirani wa kaskazini wa Biharamulo, zina desturi ambayo Peter Seitel aliieleza katika kitabu chake cha 1980: msimulizi anaanza kwa kutangaza kuwa alikuja akaona, na wasikilizaji wanamwagiza aone ili nao waone. Msimulizi mwenyewe ni msafiri aliyefika. Hakai nyuma ya bega la mmoja wa wahusika. Amesimama mlangoni na vumbi lake, na waliomo ndani ndio wanaompa ruhusa. Mtunzi wa komedi ya barabara akiuchukua mkao huo, hatalazimika kumfanya mmoja awe mtu na mwingine awe kituko. Mama mwenye kuku atakuwa na maoni yake kuhusu bwana mwenye begi la magurudumu, na ninashuku yatakuwa makali kuliko ya bwana.

Upo mpaka wa kicheko, na Kagera unaujua mpaka huo kwa uchungu. Hughes alitaja vyombo vitatu katika jina la filamu yake. Wanaorudi Kagera wana vyombo vitatu pia, ndege, meli na basi, na kila kimoja kina makaburi yake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ndege ya Precision Air iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19. Na kwa miaka mingi mapori ya kati ya Nyakanazi, Biharamulo na Muleba, likiwemo la Kasindaga, yalikuwa na majambazi wa kutosha kufanya mabasi yapite kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa ndani. Sharo Milionea mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari usiku wa Novemba 26, 2012, Muheza, akiwa njiani kwenda kwao.

Kwa hiyo lile tukio la filamu ya Hughes ambapo Neal na Del wanapita katikati ya malori mawili, wakiwa upande usio wao, kisha gari lao linawaka moto huku wakicheka, huwezi kulichukua ukalipandikiza Lusahunga. Hadhira itanyamaza. Kila mmoja ana ndugu. Kizuizi cha komedi yetu lazima kiwe cha polepole: pancha, rejeta inayovuja, mafuta yaliyoisha kwa sababu konda alikula pesa, lori la Rwanda lililolala katikati ya njia na dereva wake akipika ugali pembeni. Kuharibika kunakowapa watu muda wa kuzungumza. Kuharibika kunakoua tunawaachia watu wa maombolezo.

Barabara hiyohiyo imebeba pia kurudi nyumbani kwa aina ambayo hakuna komedi inayoweza kuigusa. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Desemba 1996 serikali iliwaamuru warudi kwao, na nusu milioni ya watu wakatembea kuelekea darajani. Mzee wa Ngara anaposema watu walirudi nyumbani, huenda ndicho anachokikumbuka. Mtunzi asijifanye hajui hilo. Wala asilitumie kama chumvi.

Jinsi umbo hili linavyoweza kugeuka kabisa inaonekana katika Watu Wote, filamu fupi ya 2017 iliyoongozwa na Katja Benrath na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Inatokana na tukio la Desemba 2015 kaskazini mashariki mwa Kenya: basi la kwenda Mandera linashambuliwa na al-Shabaab, na abiria Waislamu wanakataa kujitenga na Wakristo. Vipande vya komedi vyote vimo: msafiri mwanamke asiyependa wenzake, mabishano ya njiani, mwalimu mpole anayevumilia. Vinachofanya ni kujibu swali moja ambalo komedi inaliuliza kwa mzaha, kama huyu aliyeketi karibu nawe atasimama kwa ajili yako. Baada ya kuiona filamu ile nimeamini kwamba komedi ya wasafiri ni jaribio la swali hilo kwa gharama ndogo.

Gharama hiyo ndogo, kwa upande wa Biharamulo na Ngara, ina tukio lake ambalo sijui kwa nini halijawa maarufu: ofisa wa Uhamiaji anapanda basini. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, sura za watu hazina mpaka, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 iliwafundisha watu wa mikoa hii kwamba kukosa karatasi ni jambo zito. Ofisa anaomba vitambulisho. Bwana mwenye begi la magurudumu, mzaliwa wa hapa, msomi, anayezungumza Kiswahili cha ofisini, anapekua mifuko: kitambulisho cha NIDA kimebaki gesti Kahama. Lafudhi yake inapotea kwa woga, na anapotakiwa kumtaja mwenyekiti wa kijiji chao anamtaja aliyefariki zamani, kwa sababu hajafika nyumbani miaka mingi. Basi zima linatazama. Mama mwenye kuku hajui hata jina la ukoo la huyu mtu, ila anageuka na kumkaripia kwa sauti, mbele ya ofisa, kuwa ni mzembe tangu utoto na mama yake amechoka naye. Ofisa anacheka, anashuka. Karipio limekuwa cheti cha kuzaliwa.

Tukio hilo lina kila kitu: tusi, deni, hatari halisi iliyo chini ya kiwango cha kifo, na uongo ambao utadai riba. Maana sasa mama ni wa ukoo.

Na hapo ndipo siri inapoingia. Siri ya msafiri wa Marekani ni upweke. Siri ya msafiri wetu, tisa katika kumi, ni pesa. Josiah Kibira, mtengenezaji filamu mwenye asili ya Bukoba aliyeishi Minnesota, aliigusa tangu Bongoland ya 2003, juu ya Mtanzania anayehangaika Marekani huku kwao wakiamini anaogelea kwenye neema. Mwaka 2008 akaifuata na Bongoland II, ambamo mtu huyohuyo anarudi Tanzania, na kurudi ndiko kunakompa shida. Kibira aliona kitu ambacho aina hii ya filamu inakificha: kurudi nyumbani kunaweza kuwa kugumu kuliko kuondoka. Msafiri wa Dar es Salaam aliyekopa shati, aliyepanga zawadi kwa hesabu ya madeni, ambaye kazi yake iliisha Agosti na hajamwambia mtu, anaomba kimoyomoyo basi liharibike. Hebu fikiria Neal Page ambaye hataki kufika. Komedi nzima inageuka juu chini: kila pancha ni neema kwake, na jirani yake mwenye bidii ya kusukuma gari ndiye adui.

Hadithi za zamani ziliujua mtihani huo wa kufika. Katika kisa kinachosimuliwa kwa namna nyingi, mjanja na mwenzake mjinga wanasafiri kwenda ukweni, na njiani mjanja anajipa jina Wageni. Chakula kinapoletwa kuwa ni cha wageni, anakula peke yake. Ujanja unapandwa njiani lakini unavunwa mwisho wa safari, mbele ya wenyeji, kwenye sinia.

Filamu za Marekani huwa zinaikata sehemu hiyo ya mwisho; Neal na Del wanatembea mtaa mmoja na mlango unafunguka. Anayekwenda Bisibo ana kipande kizima baada ya basi kubwa. Anasubiri mchomoko ujae, watu saba kwenye gari la watano, mmoja amempakata mtoto asiye wake. Kisha bodaboda, godoro likiwa limefungwa nyuma na begi la magurudumu mbele ya tangi, magurudumu yale yakizunguka hewani bila kazi. Kila nyumba inamwona. Idadi ya mabegi inahesabiwa kutoka mashambani. Watoto wanatangulia mbio kutoa habari, na habari inafika kabla yake ikiwa imeongezwa. Kama ni Novemba au Desemba, wakati wa senene kule Bukoba, kuna atakayeuliza kwa nini hakupitia huko kuwachukulia hata kopo moja. Ni dakika ishirini za filamu zilizo tajiri kuliko safari yote, na mtunzi anayezifupisha kwa muziki na picha ya machweo anastahili kurudishiwa hati yake.

Halafu mama mwenye kuku yupo nyuma yake, kwenye bodaboda ya pili. Gari la kwenda kwao Ngara lilishaondoka Lusahunga, na baada ya ule ukoo aliomtungia mbele ya ofisa, bwana hakuwa na mdomo wa kumwacha stendi. Kwa Hughes, kumwingiza mgeni nyumbani ndicho kilele. Mke anamtazama Del, Del anatabasamu, filamu inakwisha. Bisibo hakuna mtu atakayeshangaa. Mgeni anapewa kiti, maji, chakula, na hakuna anayemuuliza amekuja kwa nini. Kilele cha Hughes kwetu ni jambo la kawaida la saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mtunzi lazima aendelee mbele, mpaka siku ya tatu, ambayo kila mtu anajua mgeni hupewa jembe. Mama anaamka alfajiri, analichukua kabla ya kupewa, anakwenda kupalilia maharage na mwenye nyumba, mama mzazi wa bwana, na huko shambani, kwa kuwa ni mama wa maswali, anaulizwa naye maswali. Bwana amelala. Hajui kwamba ile siri ya Agosti, aliyomweleza jirani wa siti usiku wa Kahama alipodhani wakishashuka hatamwona tena, iko mstari wa pili wa maharage, katikati ya wanawake wawili wanaoitana dada.

Mama yake akirudi shambani anaweza kumfukuza, kumlilia au kumtania. Mimi ningeandika la tatu: mbele ya wageni wote wa jioni, ningemfanya aulize ni lini yule bosi wa Dar es Salaam atawajengea ile nyumba ya bati, na ningemwacha yule mama wa Ngara, kabla bwana hajafungua mdomo, ajibu kwa niaba yake kwamba fundi ameshapatikana, ila ni mvivu, analala mpaka saa tatu.